Onyo la estrojeni limeondolewa kwa nani?

Tarehe 10 Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba dawa za homoni za wanawake waliokoma hedhi, ambazo kubwa yake ni homoni ya kike iitwayo estrojeni, zitaondolewa lile onyo kali lililokuwa likichapwa ndani ya fremu nyeusi kwenye karatasi zake za maelezo tangu mwaka 2003. Onyo hilo lilitaja maradhi ya moyo na mishipa, saratani ya matiti na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Haikuchukua muda habari ikafika kwenye kundi letu la kikoba, ila ilifika imekatwa kichwa na miguu: ujumbe wa sauti wa dakika nne ukisema Wazungu wamekiri walitudanganya, estrojeni haina madhara, na kila mama aliyefika hamsini aitafute. Aliyeutuma ana nia njema, na yeye mwenyewe amehangaika na joto la usiku kwa miaka. Lakini ndani ya dakika zile nne hakutaja umri, hakutaja kizazi, hakutaja presha.

Nadhani habari hii inasomwa vibaya, na kwa namna ileile ilivyosomwa vibaya habari ya mwaka 2002 iliyozaa onyo lenyewe. Wakati ule matokeo ya wanawake ambao wengi wao walikuwa wamevuka miaka 60 yalichukuliwa kuwa hukumu ya kila mwanamke, na mwenye miaka 50 anayeamka usiku shuka limelowa akanyimwa dawa ambayo ingemfaa. Sasa jibu la huyo wa miaka 50, mwenye afya, limeanza kugawiwa kwa mama wa miaka 67 mwenye presha ya 170 aliyewahi kupata bonge la damu mguuni. Estrojeni ni dawa nzuri sana kwa baadhi ya wanawake na mbaya kwa wengine, na kinachowatenganisha hakina siri yoyote. Ni mambo machache ya kuuliza na kupima, nusu saa inatosha. Kuondoa onyo lililowafunika wote kwa shuka moja ni sawa. Kulichukua tangazo hilo kuwa ruhusa ya wote ni kuwafunika kwa shuka lilelile lililogeuzwa upande.

Wanaodhani hii ni mara ya kwanza dawa hii kupandishwa na kushushwa hawajui safari yake. Premarin, estrojeni iliyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliidhinishwa Marekani mwaka 1942. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa ikinadiwa kama dawa ya kumzuia mwanamke asizeeke. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba wanawake wanaomeza estrojeni peke yake hupata saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wenzao. Watumiaji wakakimbia. Baadaye ikathibitika kwamba ukiongeza homoni ya pili, projesteroni au dawa ya jamii yake, ukuta ule unalindwa. Watumiaji wakarudi, na safari hii madaktari wakaongeza imani mpya kwamba estrojeni inalinda moyo. Katika miaka ya 1990 hata ajuza wa miaka 70 asiye na dalili yoyote aliandikiwa. Ndiyo maana serikali ya Marekani iliamua kuipima imani hiyo kwa jaribio kubwa, na ndiyo maana jaribio hilo lilichukua wanawake wa umri ule: swali halikuwa kama estrojeni inatuliza joto la ghafla, maana hilo lilijulikana. Swali lilikuwa kama inamkinga mwanamke mzee na maradhi ya moyo.

Jaribio hilo, Women's Health Initiative (WHI), liliwapa wanawake 16,608 wenye miaka 50 hadi 79, ambao hawakuwa wametolewa kizazi, ama mchanganyiko wa estrojeni ya farasi na medroksiprojesteroni, dawa ya jamii ya projesteroni, ama vidonge vitupu. Wastani wa umri ulikuwa miaka 63, na waliokuwa chini ya 60 walikuwa theluthi moja tu. Julai 2002, baada ya wastani wa miaka mitano na ushee, lilisimamishwa. Magazeti yakaandika kwamba saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26, na mwanamke aliyesoma kichwa hicho cha habari akiwa na pakiti mkononi aliitupa. Ni haki yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia asilimia 26 ya nini. Katika wanawake 10,000 wasiotumia dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika 10,000 waliotumia, walikuwa 38. Wanane zaidi. Kiharusi wanane zaidi, bonge la damu kwenye mapafu wanane zaidi, matatizo ya moyo saba zaidi. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua kwa watano na waliopata saratani ya utumbo mpana kwa sita. Hizi si namba za kudharau, maana kila mmoja wa hao wanane ni mama wa mtu. Lakini ni namba ambazo mwanamke anaweza kukaa nazo mezani, akapima mateso yake na hatari yake, akaamua. Asilimia peke yake haikumpa nafasi hiyo.

Kuna jaribio la pili ambalo watu wengi hawakulisikia kabisa. Wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi walipewa estrojeni bila homoni ya pili. Liliposimamishwa mwaka 2004 sababu ilikuwa kiharusi, 12 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Saratani ya matiti kwao haikuongezeka. Ilielekea kupungua, na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2020 ulithibitisha kupungua huko pamoja na vifo vyake. Na waliokuwa katika majaribio yote mawili walipofuatiliwa kwa miaka 18, vifo vya sababu zote vilikuwa karibu sawa kwa waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu. Takwimu zilipopangwa upya kwa umri, picha ikabadilika tena: madhara ya moyo yalirundikana kwa walioanza wakiwa wazee, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mishipa yao tayari imeshaanza kuziba. Hapo ndipo kanuni ambayo vyama vya wataalamu wanaifuata leo ilipotoka: kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye dalili zinazomsumbua na asiye na ugonjwa unaomkataza dawa hii, faida kwa kawaida huzidi hatari. Nje ya hapo mizani inainama upande wa pili.

Gharama ya kusomwa vibaya kwa habari ya 2002 ilikuwa kubwa. Marekani matumizi ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi yalishuka kutoka asilimia 27 hivi mwaka 1999 hadi chini ya asilimia 5 mwaka 2020. Kizazi kizima cha madaktari kilisomeshwa kwamba hii ni dawa ya kuogopwa, na woga huo ulisafiri hadi kwetu kupitia vitabu vilevile. Matokeo yake mwanamke wa miaka 51 anayelalamika kwamba hajalala usingizi wa maana kwa miezi sita anaambiwa "ni mambo ya umri, mama," anapewa vitamini, anarudi nyumbani.

Kwa hiyo wanaoshangilia uamuzi wa FDA wana hoja, na hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ile inayozungumzwa kidogo kuliko zote: krimu na vidonge vidogo vya estrojeni vinavyowekwa ukeni. Baada ya hedhi kukoma ngozi ya uke na njia ya mkojo hunywea, ikakauka, tendo la ndoa likawa adhabu na UTI ikawa mgeni wa kila mwezi. Tofauti na joto la ghafla, hali hii haipungui kadiri miaka inavyokwenda, inazidi. Estrojeni kidogo inayowekwa palepale huirudisha ngozi hiyo, hupunguza maambukizi ya mkojo yanayojirudia, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Hata hivyo nayo ilibebeshwa onyo lilelile la kiharusi, saratani na kupoteza kumbukumbu, kana kwamba tone la jicho na dripu ni kitu kimoja. Bibi wa miaka 70 akisomewa karatasi ile na mjukuu wake alikuwa na kila sababu ya kuifunga krimu kabatini. Kwa dawa hizo onyo lilipaswa kuondoka zamani, na hata wataalamu wanaoutilia shaka uamuzi mwingine wa FDA hawalipingi hili.

Wanaoutilia shaka nao wasipuuzwe. FDA haikupitia kamati yake ya kawaida ya ushauri. Iliitisha jopo Julai 2025, na wakosoaji wakasema waliokaa mezani wengi walikuwa tayari ni watetezi wa tiba hii. Kibaya zaidi ni maneno yaliyosindikiza tangazo. Viongozi wa mamlaka hiyo walitaja kupungua kwa maradhi ya moyo hadi asilimia 50 na maradhi ya Alzheimer, yale ya kupoteza kumbukumbu, kwa asilimia 35, namba ambazo haziwezi kubeba uzito huo. Sehemu kubwa ya madai ya aina hii inatoka kwenye tafiti za kuangalia tu, ambamo wanawake waliochagua homoni walikuwa pia wenye pesa zaidi, wanaofanya mazoezi zaidi, wanaoonana na daktari zaidi. Ndiyo mtego uleule wa miaka ya 1990. Majaribio yaliyogawa watu kwa bahati nasibu yanasema kitu cha kiasi zaidi: wanawake walioanza mapema baada ya hedhi kukoma hawakuharibikiwa kumbukumbu, na pia hawakunufaika; lakini kwa walioanza wakiwa na miaka 65 na zaidi kwa mchanganyiko wa WHI, hatari ya kupoteza kumbukumbu iliongezeka maradufu. Jopo la kinga la Marekani, USPSTF, mwaka 2022 lilirudia ushauri wake wa miaka mingi: homoni zisitumiwe kwa lengo la kuzuia maradhi sugu kwa mwanamke asiye na dalili. Kati ya "dawa hii haitakudhuru ukiianza kwa wakati" na "dawa hii itakukinga na uzee" pana umbali mrefu, na tangazo lile liliruka umbali huo kwa sentensi moja. Mifupa ndiyo ya kutofautisha hapa, maana kwamba estrojeni hupunguza kuvunjika mifupa kulionekana ndani ya jaribio lenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote naisikia upande wetu, na husemwa kwa kujiamini: bibi zetu hawakutumia homoni, kukoma hedhi ni maumbile, haya ni maradhi ya Ulaya. Kwanza, bibi zetu hawakuulizwa. Kwamba mtu hakulalamika mbele ya wakwe haina maana kwamba alilala. Pili, ushahidi tulio nao unaelekea kinyume. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuata wanawake wa asili mbalimbali kwa miaka mingi, ulikuta joto la ghafla na jasho la usiku hudumu kwa wastani wa miaka 7.4, na waliodumu nayo muda mrefu kuliko wote walikuwa wanawake weusi: zaidi ya miaka 10. Hao si wanawake wa Tandahimba wala Machakos, na maisha ya Chicago yana mambo yake, lakini anayedai kwamba mwili wa mwanamke mweusi haujui joto hili inabidi aeleze namba hizo zimetoka wapi. Na hata kuzaa ni maumbile. Hatumwambii mama anayetoka damu baada ya kujifungua avumilie kwa sababu bibi yake alivumilia.

Ndugu wa hoja hiyo, aliyevaa kanzu nyingine, husema estrojeni ni homoni ya mwili wenyewe kwa hiyo haiwezi kudhuru. Insulini nayo ni ya mwili wenyewe. Wauzaji wa mtandaoni wanaoitumia hoja hii ndio hao hao wanaochanganya homoni kwa vipimo vyao au kupandikiza vijiti chini ya ngozi na kuviita vya asili, bila mamlaka yoyote kupima kilichomo. Kuhusu uwatu na soya, anayevipenda ale. Ila hakuna ushahidi wa kuviweka mizani moja na estrojeni.

Sasa nirudi kwenye kizazi, kwa sababu hapa ndipo ujumbe ule wa sauti unaweza kumwumiza mtu kweli. FDA haikuondoa kila kitu ndani ya fremu. Kwa dawa za estrojeni peke yake zinazoingia mwilini mzima, yaani vidonge, jeli, vibandiko, onyo la saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi limebaki palepale. Mwanamke mwenye kizazi anayetumia estrojeni hiyo bila projesteroni anaurutubisha ukuta ule mwaka baada ya mwaka bila kitu cha kuuzuia. Projesteroni anaweza kuimeza kila siku, au kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, au kuipata kupitia kitanzi chenye homoni. Aliyetolewa kizazi haihitaji kwa kawaida, na kwake hesabu ya saratani ya matiti ni nyepesi zaidi. Kwetu, ambako uvimbe wa kizazi huwapata wanawake wengi na kuwapeleka wengi chumba cha upasuaji wakiwa na miaka arobaini na kitu, swali hili lina uzito wa pekee. Nimekutana na wanawake zaidi ya mmoja wanaojua walipasuliwa "kutolewa uvimbe" lakini hawajui kama kizazi kilibaki wala kama ovari ziliondoka nacho. Karatasi waliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilipotea zamani. Kabla ya kuuliza bei ya estrojeni, mwanamke kama huyo anahitaji picha ya ultrasaundi.

Niliwahi kusimama foleni kwenye duka la dawa muhimu nikamsikia mama akieleza joto lake, muuzaji akampa pakiti ya majira. "Ni homoni hizohizo," alimwambia. Jina la jamii ni moja, nguvu si moja. Vidonge vingi vya majira vyenye homoni mbili vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa yenye nguvu kubwa, inayotumika humo kuzima kazi ya ovari, wakati dawa za ukomo wa hedhi hujazia kiasi kidogo tu cha kilichopungua. Daktari anaweza kumwandikia majira mwanamke mwenye afya, asiyevuta sigara, ambaye hedhi yake bado haijakoma, na ana sababu za kufanya hivyo. Kumpa mama wa miaka 56 ambaye hujampima presha ni kamari juu ya mishipa ya ubongo wake. (Na kinyume chake pia: dawa ya ukomo wa hedhi haizuii mimba. Aliye chini ya miaka 50 huhesabiwa salama baada ya miaka miwili bila hedhi, aliyezidi hapo baada ya mwaka mmoja.)

Presha ndiyo swali ambalo nchi tajiri zinaweza kulichukulia kirahisi na sisi hatuwezi. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Weka jambo hilo kando ya ile namba ya kiharusi, wanawake 12 zaidi kwa 10,000, iliyopatikana kwa wanawake waliokuwa wakipimwa na kufuatiliwa kila mara, kisha uulize namba ingekuwa ngapi kwa wasiopimwa kabisa. Hapa pia njia ya kuitumia dawa ina maana kubwa. Estrojeni inayomezwa hupita kwenye ini kabla ya kusambaa, na ini huitikia kwa kutengeneza protini zaidi za kugandisha damu. Inayopita kwenye ngozi, kwa jeli au kibandiko, hukwepa mlango huo, na tafiti kubwa za Ufaransa na Uingereza hazikukuta ongezeko la mabonge ya damu kwa watumiaji wake. Kwa mwanamke mnene, au mwenye presha iliyodhibitiwa, ngozi ndiyo njia ya kuanzia. Taabu ni kwamba kibandiko si kitu unachokikuta kila duka, na kinachopatikana kirahisi huwa ni kidonge. Mwanamke anayeshauriwa "tafuta estrojeni yoyote" anashauriwa, kwa vitendo, atafute ile yenye hatari zaidi.

Jambo jingine ni damu. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi akiona damu tena, hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi. Tanzania saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na wengi hufika hospitali imeshasambaa. Kumpa estrojeni mwanamke anayetoka damu bila kumchunguza ni kuificha dalili aliyopewa bure na mwili wake. Vivyo hivyo dawa nyingine anazotumia: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi iliyotumika sana miaka iliyopita kwa wanaoishi na VVU, na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, huifanya ini kuimaliza estrojeni haraka, mgonjwa akadhani dawa haifanyi kazi na kujiongezea dozi. Wanawake walioanza ARV wakiwa vijana sasa wanafika umri wa kukoma hedhi kwa maelfu, ni mafanikio makubwa ya miaka ishirini, na mifupa yao inahitaji kuangaliwa kuliko ya wengine. Lakini kliniki nyingi bado hazina swali hilo kwenye fomu.

Wapo ambao kwao jibu ni hapana, tangazo au bila tangazo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, aliyewahi kuwa na bonge la damu mguuni au mapafuni, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea. Baadhi yao daktari bingwa anaweza kuwafikiria kwa krimu ya ukeni, lakini si kwa kidonge. Hawa wasiachwe mikono mitupu. Kuna dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini, zinazopunguza joto la ghafla kwa kiasi. Na kuna kizazi kipya cha dawa zinazotuliza kituo cha joto kwenye ubongo, ya kwanza ikiwa fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Jambo la kuchekesha kidogo, kama si la kusikitisha: Desemba 2024 FDA iliipa dawa hiyo mpya fremu nyeusi kwa sababu ya madhara ya ini.

Na wapo ambao kwao tatizo ni kinyume kabisa. Mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili akiwa na miaka 38, au aliyekoma hedhi kabla ya 40, mwili wake umepokonywa estrojeni zaidi ya miaka kumi kabla ya wakati. Mifupa yake na moyo wake viko hatarini kwa kukosa homoni, na ushauri wa kitaalamu ni apewe, asipokuwa na kizuizi, angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Namba zote za 2002 hazimhusu, hakuwemo. Yeye ndiye aliyeumizwa zaidi na woga ule, na kwa bahati mbaya hayumo hata kwenye shangwe za sasa, zinazozungumza na wanawake wa miaka hamsini tu.

Kwa anayetimiza masharti, kuna suala la matiti ambalo halifai kufichwa kwa kumpa moyo. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria, kwa nchi za Magharibi, kwamba kati ya wanawake 100 wasiotumia homoni, sita hivi hupata saratani ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakitumia mchanganyiko wa kila siku kwa miaka mitano, wanakuwa wanane. Projesteroni inayofanana na ya mwili inaonekana kuwa nyepesi zaidi kwa matiti kuliko zile za kutengenezwa, kwa mujibu wa tafiti za Ufaransa, ingawa hizo nazo ni za kuangalia. Mwanamke ambaye maisha yake yamevurugika anaweza kulipokea ongezeko hilo akijua. Mwenye joto la mara mbili kwa wiki linaloondoka kwa kufungua dirisha anaweza kuona halina faida kwake. Wote wawili watakuwa sahihi.

Haya yote yanahitaji mahali pa kufanyikia, na hapo ndipo sioni maandalizi. Mfumo wetu wa afya unamjua mwanamke kwa mimba zake. Ana kadi ya kliniki, anapimwa presha kila hudhurio, anaulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Akishamaliza kuzaa, kadi inaisha. Hata tafiti kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya, Tanzania na Kenya, huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wanapotimiza 50 wanatoka kwenye hesabu. Tiba ya estrojeni haiendi hivyo. Aliyeanza anatakiwa aonwe baada ya miezi mitatu hivi, kisha kila mwaka: presha, matiti, damu isiyotarajiwa, na swali la kama bado anaihitaji, kwa dozi gani. Si kazi ya daktari bingwa pekee. Muuguzi wa kituo cha afya aliyezoea kuuliza maswali kabla ya kutoa sindano ya uzazi wa mpango anaweza kuuliza haya pia, akipewa orodha na mashine ya presha inayofanya kazi, na akijua pa kumpeleka mwenye jibu la kutia shaka. Wizara zikisubiri hadi dawa zijae madukani ndipo ziandike mwongozo, mwongozo utaandikwa na ujumbe wa sauti.

Nilimpigia aliyeutuma ule wa kwetu. Ana miaka 54, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, kizazi anacho. Presha alipimwa mara ya mwisho mwaka 2009, alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake.